Jina Langu Kinywani mwa Umugwaneza

Sogeeni, wanangu, nimewaita kwa ajili ya nyumba hii. Na wewe Barthélemy uliyetoka Kampala na chupa ya marashi, iweke chini, harufu yangu umeivumilia kwa simu miaka yote, utaivumilia leo kwa pua. Sikilizeni, pumzi iliyobaki ni ya kupanda kilima kimoja tu.

Mulinijua dereva. Nililala Mombasa, Kisangani, Bujumbura, na kila kituo niliacha watu wakishika mbavu kwa kicheko. Kisha lori likanilalia kwenye muteremko wa Kabasha, na kutoka kiunoni kwenda chini nikawa mutoto muchanga mwenye ndevu. Mama yenu alikuwa amekwisha kutangulia. Ninyi mulituma pesa, Mungu awabariki, lakini pesa haibadilishi shuka. Aliyebadilisha ni Umugwaneza, muke wa marehemu ndugu yenu Célestin, mukamwana wangu, ambaye kwa desturi yetu haruhusiwi hata kutaja jina langu, sembuse kuona uchi wangu.

Nilisikia haya, wanangu, haya iliyokuwa inaamka asubuhi kabla yangu. Akiingia na beseni, mimi nilijifanya nimelala, yeye alijifanya anaosha sufuria, na hivyo tukaishi, waongo wawili wenye heshima. Wahubiri walikuja na mafuta, wakaniambia simama kwa imani. Nikasimama kama gunia la makaa linavyosimama, wakasema imani yangu ina tundu. Nilicheka nao. Walipotoka niligeukia ukuta, nikamuomba Mungu anichukue kabla ya beseni la jioni. Mwenye kuficha ugonjwa, kilio humufichua, na mimi nilikuwa nimeficha hata kilio.

Halafu mulima ukatapika moto. Watu wa Goma tukakimbilia Sake, na Umugwaneza akanilaza juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akanifunga kwa kitenge chake katikati ya viazi na godoro, akasukuma. Mimi niliyekuwa nawapigia honi wasukuma chukudu wanipishe. Njiani mwili ukanisaliti mbele ya umati, nikafunika uso kwa kofia. Kanisani Sake wamama walikuwa wanaombea wagonjwa, wakamuuliza, "Muzee huyu ni nani, tumutaje kwa Bwana?"

"Ni baba ya bwana yangu."

"Mama, hapa baba za mabwana wamejaa. Jina."

Akapiga magoti, akashika miguu yangu isiyojua tena kushikwa, akasema, "Bwana Yesu, huyu ni Ntirenganya. Umuponye Ntirenganya, ninamupenda."

Kwetu mudogo akiitwa na mukubwa huitika "Karame". Nami na ndevu zangu nikaitika, "Karame," kwa sauti ya mutoto. Watu wakacheka, mimi nikalia, nikaondoa kofia usoni. Miguu haikuamka. Yesu hakunipa miguu, alinirudishia uso. Tangu siku ile beseni likiingia nafumbua macho, namwambia asante, naye ananisimulia bei ya maharagi. Haya ingaliko, sitawadanganya, lakini hainigeuzi tena ukutani.

Sasa Barthélemy. Jana nilikusikia nyuma ya mbao hizi ukimwambia dada yako Domitille kwamba nikizikwa, mwanamuke huyu asiye na mutoto arudi kwao Masisi, muuze parcelle, nyumba na kiwanja. Miguu imekufa, mwanangu, masikio hayajafa. Sikukasirika. Niliona haya kwa ajili yako, na haya hiyo imenichoma kuliko ya beseni. Nyumba ni ya Umugwaneza, na kiwanja chake mpaka kwenye jiwe jeusi. Muchungaji na majirani wamekwisha kunisikia. Mukimutoa yeye, mumenitoa mimi na shuka zangu. Na maiti yangu ataiosha yeye, desturi iseme inavyotaka, mwili huu ameuzoea kuliko ninyi. Marashi hayo mumupe, ayatumie yeye, si mimi.

Mungu awape, wanangu, kitu cha kuosha kitakachowashinda, kisha awape mikono. Musigombane kwenye matanga yangu. Mukitaka kucheka, chekeni, nimewaachia sababu nyingi.

Domitille, inua kichwa changu… hapo. Umugwaneza, usisimame mulangoni kama mugeni aliyekuja kudai kodi. Ingia. Njoo uniite kwa jina, wakusikie… kwa sauti, binti yangu… tena…

Karame.