Bwana Mgovano na Chupa ya Wino Mwekundu

Tarehe 31 Machi 1959 Bwana Silvester Mgovano atafunga kabati la majalada ya hospitali yetu kwa mara ya mwisho, baada ya kulifungua kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja. Wako wakubwa watakaoshusha pumzi siku hiyo. Nawashauri wasiishushe yote.

Alikuja Mbeya mwaka 1928 kutoka kwao Iringa, juu ya lori la magunia, akiwa na koti moja na mwandiko ambao mpaka leo hakuna mwalimu aliyeukosoa. Kazi yake ilikuwa kuandika ugonjwa wa kila mgonjwa anayetoka, kuupa namba yake kutoka kwenye orodha ya magonjwa, na kila mwisho wa mwaka kupeleka hesabu makao makuu Dar es Salaam. Kazi ya kukaa kitini, tulisema sisi wa wodini. Tulijidanganya. Bwana huyu alitembea kuliko wauguzi. Jalada likija limeandikwa "maumivu ya tumbo" na basi, alilibeba akamfuata daktari hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji, na mara moja hadi kwenye supu yake ya mchana, akasimama hapo mpaka ajibiwe.

Na tangu mwaka 1952, kwa mawe ya njia ya mkojo hakuwa na huruma kabisa. Alitaka kujua jiwe liko wapi: kwenye figo, kwenye mrija unaotoka figoni, au kwenye kibofu. Upande wa kulia au wa kushoto. Limeziba mkojo au halijaziba. Mgonjwa ana homa au hana. Tulinung'unika sana. Lakini aliyezibwa na mwenye homa hawezi kungoja zamu, na akirudi miaka miwili baadaye amejikunja kwa maumivu, daktari mgeni husoma jalada akajua pa kuanzia. Wapo watu wanaopalilia mahindi yao leo kwa sababu ya neno "kushoto".

Sasa nieleze habari ya Mika, na ni haki niieleze mimi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Mwaka 1952 Mika, mkulima wa milimani na mzee wa kanisa, aliletwa kwa machela akiwa hajakojoa siku mbili. Bwana Mgovano alikuwa likizo. Mimi, Edmund, msaidizi wa tabibu wa zamu, nilimtazama mara moja tu nikaandika kisonono. Ndivyo tulivyozoezwa: Mwafrika akizibwa mkojo ni kisonono, kwani wakubwa walishikilia kwamba mawe ni ugonjwa wa Wazungu. Siku ya tatu daktari alimpasua akatoa kibofuni jiwe kubwa kama harage. Daftari la upasuaji likaandikwa jiwe. Jalada langu hakuna aliyeligusa, na cheti cha kuruhusiwa kikanakiliwa humo humo.

Huku kwetu, aliyekosa ibada Jumapili kadhaa kwa ugonjwa huwapelekea wazee wa kanisa cheti chake cha hospitali. Mika alikipeleka bila wasiwasi, maana hakujua Kiingereza. Mwalimu wa shule aliwasomea. Jumapili iliyofuata Mika alitangazwa mbele ya watu wote kwamba ametengwa na Meza ya Bwana kwa uzinzi.

Mkewe, Tusajigwe, alitembea siku nzima akaja kusimama mbele ya meza ya karani wetu, Bwana Mgovano, aliyekuwa amerudi kutoka likizo. "Baba karani," alisema, "mimi nimekaa na huyu mume miaka ishirini. Hii karatasi yenu inasema uongo. Nani ameandika?"

Bwana Mgovano hakunitaja. Alifungua daftari la upasuaji akaona mwenyewe. Akalikata neno langu kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, bila kulifuta, akaandika: jiwe la kibofu lililoziba mkojo. Chini yake tarehe na jina lake. Mganga Mkuu wa wakati huo alikataa kutia saini cheti kipya. Alisema hesabu ya mwaka imekwisha kwenda, na karani hana ruhusa ya kuipangua. Ndipo Bwana Mgovano alipoliendea jiwe lenyewe maabara, ndani ya chupa, akaliweka juu ya meza na kuuliza kwa adabu yake yote: "Bwana Mkubwa, na hili tuliandikie kisonono cha namba ngapi?"

Alipelekwa stoo kuhesabu mablanketi. Miezi minne! Aliyahesabu, na kila Ijumaa alimwandikia Mganga Mkuu barua ile ile: cheti cha Mika hakijasahihishwa. Barua ya kumi na tatu niliitia saini na mimi, nikikiri kosa langu. Naona aibu kwamba haikuwa ya kwanza. Ya kumi na sita ilirudi na cheti kipya.

Wazee wa kanisa walitaka Mika arudi kimyakimya, aingie tu akae kwenye benchi lake. Tusajigwe akagoma. "Mlimtoa kwa sauti," aliwaambia, "mrudisheni kwa sauti." Cheti kikasomwa na kutafsiriwa neno kwa neno. Bwana Mgovano alikaa benchi la nyuma, Mkatoliki peke yake humo ndani, akifuatilia kwa kidole kwenye nakala yake wasije wakaruka neno.

Hesabu ya mwaka uliofuata ilikuwa na mawe kumi na moja, mahali ambapo zamani hapakuwa na hata moja. Makao makuu wakaandika kuuliza tumepatwa na nini. Akawajibu kwa mstari mmoja: tumeanza kuangalia.

Bwana Mgovano, asante kwa kutusumbua. Rudi Iringa kwa mkeo, Mama Apolonia, na viazi vyenu, uzeeke taratibu, ulale vizuri, na mkojo wako usikutane na kizuizi chochote.

Na kwa wale wanaotazamia raha kuanzia Aprili: funguo za kabati atanikabidhi mimi, pamoja na chupa ya wino mwekundu. Jalada lolote lenye uongo, liwe la mdogo au la mkubwa, litapigwa mstari. Nitaanza na yale yenye jina langu.