Mzee Nikolaus Magige, Aliyezisikiliza Nyumba Zetu

Tarehe 30 Juni 1957, Mzee Nikolaus Magige anastaafu baada ya kuitumikia Idara yetu ya Majengo kwa miaka ishirini na saba kamili. Alianza mwaka 1930 akiwa fundi seremala, akapandishwa kuwa msimamizi wa mafundi, na tangu 1941 amekuwa mkaguzi wa nyumba za watumishi kutoka Nyamisangura hadi Mbalibali. Kazi hiyo, kuanzia Julai, amepangiwa karani anayeandika maneno haya. Karani alimshukuru Mkuu wa Idara kwa heshima hiyo, ingawa anaiogopa.

Wengi wanamjua Mzee Magige kwa ripoti zake fupi. Alipokwenda kukagua jiko la mwalimu mmoja aliandika: “Bomba la moshi limeziba. Moshi unabaki na mwalimu.” Kuhusu tangi la maji ya mvua lililosifiwa na kila mgeni aliandika: “Maji ni matamu. Ndani mna popo saba.” Hakuongeza neno, wala hakupunguza.

Hata nyumba yake hakuihurumia. Mwaka 1952 aliikagua nyumba ya idara anayoishi, akaandika kwamba choo chake kinatitia na wakazi wasikitumie. Mkewe, Mama Bhoke, alikuja ofisini akiwa na nakala mkononi. “Mwanamume gani huyu anajishitaki mwenyewe?” alisema mbele ya watumishi wote. “Sasa mimi niende kwa nani, kwa majirani na kopo langu?” Mzee alimjibu kwamba majirani wamekwisha kuarifiwa. Waliokuwapo wanasema walicheka mpaka machozi. Wiki ya tatu choo kilizama usiku, na asubuhi mlango wa choo tu ndio uliokuwa umebaki wima.

Sasa inafaa kueleza namna yake ya kufanya kazi, maana watu wamesema mengi juu yake. Alifika saa saba mchana, jua linapochoma bati. Aliwatoa watu wote nje, akafukuza kuku, akafunga milango na madirisha, kisha akakaa katikati ya chumba saa nzima bila kufungua daftari. Bati hulia kwa joto, na kila mtu anaijua sauti hiyo. Yeye alingoja ile iliyo chini yake. Mwishoni aligonga ukuta mara tatu kwa mpini wa nyundo. Nyumba iliyo nzima hukaa kimya. Nyumba iliyoliwa hujibu.

Karani huyu alilisikia jibu hilo mara ya kwanza Machi 1955, akiwa na miezi miwili kazini, na alilisikia kwa kosa lake mwenyewe.

Njiani kwenda Kemambo kulikuwa na nyumba ya mkunga, Bibi Verdiana, ambako wajawazito wa mbali walilala wakingoja siku zao. Wanawake walilalamika kwamba kuna mtu anatembea darini. Wengine walisema ni marehemu fulani, wakataka nyumba itambikiwe. Mzee Magige alikwenda, akarudi na ripoti ya mistari miwili: paa limekufa, watu watoke leo. Kazi ya karani ilikuwa kuipiga taipu tu. Lakini alikuwa ametoka shule ambako barua kwa wakubwa zilifundishwa kuwa na upole, tena nyumba ile ilikuwa imewekewa bati jipya na kupakwa rangi nyekundu. Akaandika: “Paa litahitaji kuangaliwa mwaka ujao.”

Mzee alisoma nakala akiwa amesimama.

“Mura, kijana wangu, mwaka ujao umeutoa wapi?”

“Nilitaka barua iwe na adabu, Mzee.”

“Adabu umempa Bwana Mkubwa. Wale wanawake umewapa nini?”

Hakupandisha sauti. Alimchukua karani kwenye lori la idara mchana uleule. Bibi Verdiana aliwapokea uani pamoja na wajawazito watatu. Karani alimwamkia shikamoo, naye akaitikia huku akimtazama kiatu hadi kofia. “Kumbe leo mmeleta kijana aliyesoma,” alisema. “Ukimwona huyo marehemu, mwanangu, mwambie anirudishie usingizi wangu.”

“Marehemu hatafuni mbao, mama,” alisema Mzee Magige, akafunga mlango.

Ndani palikuwa na giza na joto la kuziba pumzi. Vitanda vinne vilikuwa vimetandikwa vizuri, na kwenye kimoja palikuwa na kanga iliyokunjwa. Kwa muda mrefu palisikika bati tu. Kisha, taratibu, ikaja sauti nyingine, kana kwamba chumba cha pili kuna mtu anakunja karatasi asitake kusikiwa. Chumba cha pili hakikuwapo. Karani alikohoa, na sauti ikakoma. Alipotulia, ikaanza tena.

Mzee aligonga mara tatu. Juu ya vitanda pakajibiwa. Ilikuwa kama vidole vingi vinavyogonga upesi kwa ndani ya mti, vikapita kwenye kenchi moja ya paa baada ya nyingine hadi ukuta wa mwisho, kisha vikarudi. Walikuwa mchwa, na karani anajua leo kwamba walikuwa mchwa. Hakumbuki alivyofika uani. Wanawake walianza kumcheka. Bibi Verdiana alimtazama usoni, akaacha kucheka, akaingia kuchukua magodoro mwenyewe.

Ripoti ilipigwa upya jioni ile kama ilivyoandikwa, na haikumpendeza aliyeipokea. Wajawazito walihamishiwa katika darasa moja la shule. Siku ya tisa, saa nane mchana, bila mvua wala upepo, paa lilishuka lote. Bibi Verdiana alikuwa njiani akitoka kisimani. Anasema hakusikia kishindo kikubwa. Aliona tu vumbi likitoka kwa madirisha yote kwa pamoja, kama nyumba imepumua. Bati jekundu lililala sawasawa juu ya vitanda vinne, na kwa mbali lilionekana bado jipya.

Mzee Magige alikwenda kukagua lile darasa.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa miaka yote hii, na kwa kila neno ulilokataa kulilainisha. Wewe na Mama Bhoke mwende salama, mlale vizuri, na mzeeke mkiwa na afya. Karani wako bado anaogopa, lakini anaandika.

Wageni wataona kwamba viti vimepangwa uwanjani, ingawa mwaliko wa sherehe hii ya kuaga ulitaja ukumbi. Jumatano karani alikaa ukumbini peke yake kwa saa nzima. Boriti tatu za upande wa mashariki zimeliwa. Ripoti yake ya kwanza iko mezani kwa Mkuu wa Idara, na aliyoyasikia yameandikwa kama alivyoyasikia. Tunaomba radhi kwa jua. Wazazi wawashike watoto, wasikaribie ukuta wa ukumbi.

Joram Waisiko, Karani