Shangazi Anaondoka, Ukaguzi Unabaki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwenzetu ambaye ofisi nzima inamwita Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya ustawi wa jamii. Karibu miaka yote hiyo alifanya kazi ya nje: kutembelea kaya zinazopokea ruzuku ya serikali, kuona zinaishije, kisha kurudi kuandika alichokiona. Alipandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili aliomba asipewe meza ya ndani. Alidai kiti cha ofisini kinamvimbisha miguu.

Wa zamani wataikumbuka siku mbwa alipokimbia na kiatu chake. Alimaliza ziara zake akiwa amevaa kandambili kubwa za mume wa mtu, akaingia nazo kwenye kikao cha mkurugenzi na kusoma taarifa yake bila hata kutabasamu. Mkurugenzi alipomwangalia miguuni, akaambiwa suala la kiatu bado linachunguzwa. Ni Shangazi huyohuyo aliyepigania wazee wasioweza kutembea wapelekewe ruzuku nyumbani, jambo ambalo leo tunaliona la kawaida kabisa.

Lakini tungekuwa tunampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kama tungeishia kwenye vicheko. Miaka yake ya mwisho haikuwa na kicheko, na kila anayefanya kazi hapa anajua mambo yalianzia wapi.

Miongoni mwa kaya zake ilikuwamo ya mshonaji mmoja, mjane mwenye binti mkubwa na wadogo zake wawili, wanaoishi chumba na sebule nyuma ya karakana ya magari. Kila Shangazi alipokwenda pale, alikalia ndoo iliyogeuzwa. Kisha binti akapata mchumba, na wazazi wa kijana wakatuma salamu kwamba watakuja kufahamiana. Mama wa watu akaona haya kuwakalisha wakwe juu ya ndoo. Zamu yake ya upatu ilipofika, akanunua makochi mekundu ya kitambaa laini, makubwa kuliko sebule yenyewe. Jirani akayapiga picha yakishushwa kwenye mkokoteni, akaandika chini yake: "Kodi zetu zinakaliwa."

Picha ikasambaa kama moto wa nyikani. Redioni hapakuwa na mada nyingine. Wapo waliopiga simu kusema maskini wa siku hizi anajua raha kuliko mfanyakazi. Wengine walitaka watu hawa wapewe unga na sabuni tu, pesa taslimu wasiiguse. Hata humu ndani tuligawanyika. Mhasibu wetu, mtu mwema asiyependa maneno mengi, alisema yeye anaamka alfajiri kila siku na sebuleni kwake ana viti vya plastiki. Kwa nini akatwe kodi ili mwingine akae vizuri kuliko yeye? Shangazi hakumbeza. Alimwambia ana haki ya kuumia, ila uchungu huo aupeleke kwa wanaopanga mishahara, asiupeleke kwa mjane.

Redio ilipomwalika alikwenda, ingawa wakubwa walimshauri anyamaze. Sisi tulijazana masijala kumsikiliza. Mtangazaji alimuuliza bila kuzunguka kama kochi ni hitaji la lazima.

"Si la lazima," Shangazi alisema. "Mtu hafi kwa kukosa kochi. Lakini ruzuku tulisema ni ya kumsaidia aishi, na sasa tumekasirika kwa sababu ameishi siku moja."

Simu zilizofuata zilikuwa za matusi. Haukupita muda ukatoka waraka: kila kaya ikaguliwe vitu vya ndani, na atakayekutwa na kitu cha anasa aondolewe. Mshonaji alikuwa wa kwanza, na aliyeagizwa kumpelekea uamuzi ni Shangazi. Tulimshauri augue siku hiyo. Akajibu kwamba kama habari mbaya lazima ifike, afadhali ifikishwe na mtu anayemjua mwenyewe. Alikwenda na wakaguzi wawili. Mshonaji aliwakaribisha wakae, hakuna aliyekaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia Shangazi kwa sauti ya chini, "Dada, wewe ungekuja peke yako."

Wazazi wa kijana hawakuja. Nao walikuwa na redio kama watu wote. Makochi yakauzwa kwa bei ya kutupa, na binti akaenda mji mwingine kufanya kazi za ndani.

Shangazi akaandika rufaa, ikakataliwa. Akaandika nyingine, akabisha hodi kila ofisi, akaitwa mkaidi, akaambiwa umri unamchosha. Zaidi ya miaka miwili ikapita ndipo wakubwa wakakubali kwamba michango ya upatu ilitoka kwenye cherehani, si kwenye ruzuku, na kwamba mama yule alikuwa ameonewa. Siku ile Shangazi alitoka hapa akikimbia kama msichana kupeleka habari. Kesho yake mshonaji alikuja mwenyewe, amevaa vizuri, akasimama dirishani na kuikataa ruzuku. Alishukuru kwa adabu zote. "Njaa tumezoeana, dada," alisema. "Macho ya watu ndiyo siyawezi."

Shangazi alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikaa kwenye kile kiti cha ofisini asichokipenda, akabaki hapo hadi tulipofunga. Tangu hapo hakututania tena.

Hata hivyo hakuacha kwenda. Alisema akiacha yeye, watabaki wanaohesabu vijiko vya watu. Zipo kaya ambazo leo bado zina ruzuku kwa sababu alisimama uani akabishana na wakaguzi juu ya feni, juu ya pasi, na safari moja juu ya baiskeli ya mtoto yenye gurudumu moja. Mara nyingine alishindwa, akarudi ofisini akaandika alichoagizwa kuandika.

Tulipomuuliza tuandike nini katika wasifu huu, aliomba jambo moja tu: tusiseme alishinda. Basi hatusemi. Waraka bado unatumika, na Jumatatu gari la ukaguzi litaondoka kama kawaida, kiti cha mbele kikiwa na mtu mwingine. Hafla ya kumuaga ameomba kuisimamia mhasibu, wala hakutoa sababu.

Shangazi, ahsante kwa miguu yako, kwa ukaidi wako, na kwa kutuonyesha kazi hii inavyouma inapofanywa na mtu mwenye moyo. Nenda kapumzike. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na kwamba kila atakayebisha mlangoni pako kuanzia sasa awe mgeni tu.