Bwana Tarehe Nyingine Afunga Jalada

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, kitinda mimba wa mpiga chapa na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili mkabala na stesheni ya reli. Mama yake alisimulia kwamba alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili. Hakuiacha tabia hiyo.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, akaingia polisi 1978. Mwaka 1984, baada ya kozi ya miezi sita, akawa mwendesha mashtaka. Shahidi asipofika au jalada lisipoonekana, alikuwa akiinuka, akinyoosha koti na kusema, "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika. Naomba tarehe nyingine." Mawakili wakambatiza Bwana Tarehe Nyingine, naye hakununa.

Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa fundi cherehani aliyekuwa akimpunguzia sare. Ndoa ilikuwa saa nne. Bwana harusi alitokea saa sita. "Nilishajua naolewa na nani," mkewe husema hadi leo.

Mwaka 2004 likaja agizo: mwendesha mashtaka atakayefikisha mwisho wa 2009 bila shahada ya sheria arudi kaunta ya kituo cha polisi. Marehemu aliogopa, wala hakuficha. Mahakama ndiyo iliyokuwa maisha yake. Basi 2005, akiwa na miaka arobaini na saba, akaanza chuo kikuu, masomo ya jioni, kiti cha mbele. Mhadhiri akiingia, yeye alisimama na kuinamisha kichwa kama mbele ya hakimu. Kufikia wiki ya tatu darasa zima lilikuwa likisimama naye.

Kwenye mtihani wa kwanza, swali la mikataba lilimtoa jasho. Mazoea yakamshinda, akaandika: "Upelelezi haujakamilika. Naomba tarehe nyingine." Karatasi ilirudi na sifuri kubwa, na chini yake wino mwekundu: "Ombi limekataliwa. Arudie mtihani." Alicheka, halafu akalia kweli, halafu akafungua vitabu. Alirudia, akafaulu. Alihitimu 21 Novemba 2009, zikiwa zimebaki wiki chache, na karatasi ya sifuri akaitia fremu, akaitundika juu ya shahada.

Jumatatu iliyofuata hakimu alimuuliza, "Tupange tarehe nyingine?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mashahidi wangu wote wapo."

Mahakama ikaangua kicheko, na kesi ikasikilizwa siku hiyohiyo. Alifanya kazi namna hiyo hadi alipostaafu mwaka 2018.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022. Kila kliniki alipewa tarehe nyingine, naye akamwambia daktari, "Hapo umenipata." Asubuhi ya 3 Juni 2023, hospitalini, alimshika mkewe mkono. "Mama watoto, jalada limekamilika. Leo siombi tarehe." Alifariki saa tatu na robo.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na waendesha mashtaka kumi na mmoja aliowasukuma hadi mlango wa chuo. Tunampenda sana. Apumzike salama, na huko aendako wamsamehe: safari hii, kwa mara ya kwanza, amewahi.