Mwalimu Hildegarda na Mji wa Plastiki

Miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uashi katika Chuo cha Ufundi Msingi Imara, Kilosa, inafikia tamati tarehe 30 Juni 2025, siku ambayo Mwalimu Hildegarda Kobelo anastaafu rasmi. Kuta za chuo zitapumua. Tangu aajiriwe hakuna ukuta uliopita mbele yake bila kukaguliwa, na sisi wenzake tumezoea kumwamkia huku macho yake yakiwa nyuma ya mabega yetu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Nani kapiga plasta hii?"

Alizaliwa Kidete, binti wa mfanyakazi wa reli, akasomea uashi wakati ambapo wasichana wenzake walielekezwa kwenye cherehani. Alipofika chuoni hapa, wanafunzi wa kiume walidhani ni karani mpya. Walidhani hivyo hadi saa nne asubuhi, alipobomoa ukuta wao wa kwanza kwa teke.

Hata hivyo, mwalimu huyu hatakumbukwa kwa mabweni wala kwa jengo la utawala. Atakumbukwa kwa vitu vya kuchezea.

Ilianza Mikumi, alipokwenda kuwasimamia wanafunzi waliokuwa wakijenga uzio wa nyumba moja ya wageni kando ya barabara kuu. Mwenye nyumba alikuwa akikibadilisha chumba cha watoto kuwa ukumbi, na alitaka kutupa viroba kadhaa vya matofali ya plastiki, yale ya kuchezea yanayobanana. Mwalimu Hildegarda aliviomba vyote. Alirudi Kilosa kwa basi akiwa amevipakata, na kwenye ofisi ya walimu tulicheka mpaka chai ikapoa. Mwalimu mkongwe wa uashi ameanza kucheza!

Kicheko chetu hakikudumu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao kwa kawaida walimaliza saruji ya muhula mzima wakijifunza kupishanisha viungo, sasa walijifunza juu ya meza. Waliopanga tofali juu ya tofali, kiungo juu ya kiungo, waliona kuta zao zikigawanyika mara tu Mwalimu alipoisukuma meza kwa nyonga. Waliopishanisha, kuta zao zilitikisika na kusimama. Mtihani huo wanafunzi waliuita "tetemeko", na waliuogopa kuliko ule wa taifa.

Kuta zikawa nyumba, nyumba zikawa mtaa, na mwisho tukajikuta tuna mji mzima, kuanzia stesheni ya Kilosa hadi maegesho ya malori ya Mikumi. Kila mtaa ulijengwa juu ya kipande chake cha plaiwudi, ili uweze kung'olewa na kubebwa peke yake. Barabara ilijengwa kwa kuyalaza matofali ubavu, upande laini ukawa juu, maana vile vinundu vyake, ambavyo wanafunzi waliviita chunusi, vilifanya lami ionekane kama ina ndui. Mto Mkondoa ulitokana na vipande vya buluu vinavyopitisha mwanga. Mimi, mwalimu wa umeme, niliombwa kuweka taa. Niliziweka, nikakaripiwa kwa sababu nyaya zilionekana, nikaziweka upya.

Fahari yake kubwa ilikuwa milima. Matofali hayakutosha kuijaza, kwa hiyo aliijenga ikiwa mitupu, ikiwa na nguzo chache za ndani zilizokingamana, na nje akaifunika kwa ngazi za kijani na kahawia. Alituhutubia kwa muda mrefu kuhusu uimara wa kitu kitupu kilichofungwa vizuri. Wiki iliyofuata paka wa bwenini aliingia kupitia handaki la reli akazalia ndani ya mlima. Mwalimu alikataa katakata mlima kubomolewa. Treni zilisitishwa mpaka watoto wa paka walipofumbua macho, na hakuna msafiri aliyelalamika.

Kisha ikaja safari ya Mikumi. Vyuo vya ufundi vya jirani vilialikwa huko kwenye maonyesho ya kazi zao, na chuo chetu, ambacho mwaka huo kilipata wanafunzi wachache wa uashi kuliko wakati wowote, kilihitaji kuonekana. Mkuu wa Chuo, Mwalimu Mathayo, alisema waziwazi kwamba kama hali haibadiliki, darasa la uashi litafungwa. Akashauri mji ugandishwe kwa gundi, usije ukamwagika njiani.

"Tukigandisha, mwakani watajengea nini?" aliuliza Mwalimu Hildegarda, na mjadala ukaishia hapo.

Tulipakia mitaa yote kwenye Fuso, kila mmoja umefungwa kwa magodoro ya bweni. Frank, dereva wetu, atakuwa shahidi wangu: kila tuta lilitanguliwa na sauti ya Mwalimu ikimwita jina, na kila tuta lilifuatwa na sauti hiyohiyo ikimuuliza alisomea wapi udereva. Tulifika Mikumi bila tofali moja kuanguka. Mji ukaunganishwa bandani, taa zikawaka, na Mwalimu akatuamuru sote turudi nyuma asije mtu akagusa kitu.

Sisi tulirudi nyuma. Yeye akageuka, na begi lake la begani, ambalo tangu nimfahamu halijawahi kuwa na uzito chini ya ule wa mfuko wa saruji, likapita juu ya Kilosa. Soko lilikwenda. Stesheni ilikwenda. Daraja lilitumbukia Mkondoa.

Siwezi kuficha kwamba mtu mmoja alicheka, na siwezi kukubali kwamba ni mimi. Lakini kicheko kilikatika tulipomwona Mwalimu ameketi juu ya kreti ya soda, mikono mapajani, akiitazama kazi yake. Wageni walikuwa tayari wanatoka banda la jirani. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akikosa la kufanya.

Agatha, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ndiye aliyepiga magoti kwanza. Wenzake wakafuata, mmoja akichambua rangi, mwingine akifunga kona. Mwalimu alipotaka kuinuka, Agatha alimzuia kwa upole.

"Mwalimu, naomba ukae. Hii tunaijua."

"Daraja linaanzia chini, Agatha."

"Ndiyo, Mwalimu. Ulitufundisha."

Wageni wakasimama, na badala ya mji uliokamilika wakaona mji unaojengwa. Waliona msingi unavyoshika, kona zinavyokamatana, daraja linavyobeba. Mama mmoja mwenye mgahawa pale Mikumi aliuliza kama mafunzo hayo yanapokea wasichana, na Mwalimu, akiwa bado amekaa kwenye kreti, akamwonyesha Agatha kwa kidole. Soko lilirudi likiwa limepinda kidogo kufuata barabara, jambo ambalo Mwalimu hakuwahi kulifanya. Alilitazama. "Limekaa vizuri," alisema, na sisi tunaomjua tukatazamana, kwa kuwa sifa za aina hiyo hutoka kwake kwa nadra kama mvua ya Agosti.

Mwaka uliofuata darasa la uashi lilijaa, na halikufungwa. Agatha sasa ni mwalimu msaidizi, na ufunguo wa chumba cha mji anao yeye, ingawa Mwalimu Hildegarda huupita mlango huo kila asubuhi na kuujaribu kama umefungwa.

Limebaki jambo moja ambalo kwa heshima tulikuwa tumelinyamazia. Mwanamke huyu aliyeupa mji wa plastiki hata taa za barabarani ana nyumba yake huko Ruaha, karibu na mashamba ya miwa, ambayo kwa miaka mingi imesimama kwenye linta, bila paa. Kila likizo huongeza kozi mbili za matofali na kubomoa tatu. Hivyo wafanyakazi tumechanga, na zawadi yetu, Mwalimu, ni mabati. Tayari yako Ruaha, na fundi wa kuezeka ameshapatikana. Tumemwonya kuhusu wewe, na bado amekubali.

Asante kwa kutufundisha kujenga na kwa kutuvumilia tulipocheka. Nenda kaezeke, uingie, ukae. Maisha yako yawe mema na marefu chini ya paa lako mwenyewe, na kama kuna ukuta uliopinda humo ndani, tafadhali, uache.

Nickson, Idara ya Umeme