Chupa za Kioo za Mama Panya

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni redio. Na aliye na mtoto mchanga mapajani abaki naye hapo hapo, maana habari ya leo inamhusu yeye kuliko inavyotuhusu sisi.

Leo tunamkumbuka mtafiti aliyetutoka wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Wanafunzi wake walimwita Mama Panya. Majirani walimwita Mama Panya. Hata mwenye duka la mtaani kwake alimwita hivyo, naye aliitika bila kinyongo. Maisha yake yote ya kazi alilea panya weupe maabara, akitafuta jibu la swali moja tu. Kemikali inayotoka kwenye plastiki inamfanya nini kiumbe ambaye ndiyo kwanza amezaliwa?

Mama yake mzazi hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Watu wote mtaani wanatega panya, alilalamika, wewe nimekusomesha ukawafuge. Binti yake bado anacheka akikumbuka utoto wao. "Panya wa mama walikuwa na kiyoyozi," ameniambia. "Sisi nyumbani tulikuwa na feni, tena ya kugombania."

Sasa, katika habari hii kuna mtu wa pili. Wote walimwita Pacha. Hakuwa ndugu yake. Walikutana chuoni, wakapanga chumba kimoja, wakaazimana viatu, wakaajiriwa maabara moja. Ukimwona mmoja anaingia, ujue mwenzake yuko nyuma anafunga mlango. Binti wa Mama Panya alimwita Pacha mama mdogo, na binti wa Pacha alimwita Mama Panya mama mkubwa. Naomba mlikumbuke hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Panya anayenyonyesha alitiliwa kemikali kidogo sana kwenye maji ya kunywa. Kemikali hiyo ikiingia mwilini inajifanya homoni, na mwili unadanganyika. Watoto wa panya waliipata kwenye maziwa ya mama yao, wakiwa bado hawajafumbua macho. Baada ya hapo walipewa maji safi na chakula safi mpaka utu uzima. Kwa kuwatazama walikuwa wazima kabisa, wanono, wachangamfu. Kisha majike wakapevuka kabla ya wakati wao. Baadaye wengi wao wakashindwa kushika mimba. Madume wakawa na mbegu chache na dhaifu.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Kemikali waliipata siku chache tu za kunyonya. Madhara yalitokea ukubwani, wakati hakuna anayekumbuka walinyonya nini.

Lakini kwanza lilitokea kosa. Katika jaribio la namna hii lazima wawepo panya wengine wa kulinganishia, ambao hawapewi kemikali yoyote. Nao wakaanza kupevuka mapema! Mama Panya akachanganyikiwa. Akabadilisha chakula, wapi. Akabadilisha maranda yanayotandikwa kwenye vizimba, wapi. Mpaka asubuhi moja alipoinua chupa ya maji ya panya dirishani, akaiona ilivyofifia na kukwaruzika kwa maji ya moto na sabuni kali. Ilikuwa ya plastiki. Panya wake wasafi walikuwa wakiinywa kemikali ile ile kutoka kwenye chupa. Mwanamke aliyeitilia mashaka plastiki kuliko mtu yeyote alikuwa amewanywesha panya wake plastiki.

Alimwambia mtu mmoja tu. Aliingia chumba cha chai, akafunga mlango, akamwambia Pacha kwamba panya wake wote wameharibika. Akalia. Pacha akamfuta machozi kwa mkono wa koti lake jeupe na kumwambia, basi tunaanza upya. Na kweli walianza upya. Pacha mwenyewe ndiye aliyezunguka madukani kutafuta chupa za kioo. Alizileta ndani ya kapu, amezizungushia taulo za nyumbani kwake zisigongane.

Wakarudia jaribio lote kwa chupa za kioo. Safari hii panya wa kulinganishia walikua vizuri, kama panya wanavyotakiwa kukua. Wale wa kemikali wakaharibika vile vile. Jibu likawa wazi kuliko mwanzo. Nalirudia hili pia: walirudia jaribio. Walirudia wote wawili.

Miaka ikapita. Pacha akaacha maabara, akawa mshauri wa kiwanda kinachotengeneza chupa za maziwa za watoto. Kubadili kazi si dhambi. Mama Panya alimpongeza, akamwandalia chakula nyumbani. Kisha ikaundwa tume ya kuamua kama plastiki ile iondolewe kwenye chupa za watoto. Mama Panya akaitwa kueleza alichokiona. Akaeleza. Alipokaa, akaitwa mtaalamu wa kiwanda, na aliyesimama ni Pacha.

Mdogo wake Mama Panya alikuwemo ukumbini. Anasema walipomwona Pacha walifurahi. Walidhani sasa mambo yatakuwa rahisi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Pacha alisema, "mwenzangu huyu nampenda kama ndugu yangu wa damu. Lakini aliniambia mwenyewe, kwa kinywa chake, tena analia, kwamba panya wake wote wameharibika."

Mwenyekiti akamuuliza Mama Panya kama ni kweli aliyasema hayo. Akakubali. Akaeleza habari ya chupa, na kwamba walirudia jaribio, na kwamba aliyerudia naye ni huyo huyo aliyesimama pale. Mwenyekiti akamgeukia Pacha.

"Nilimsaidia kununua chupa," Pacha akajibu. "Matokeo ni yake."

Mama Panya hakupaza sauti. Alimtazama tu akamwambia, "Pacha, malizia." Pacha akavua miwani yake, akaikunja, akaketi. Tume ikatangaza kwamba mashaka ni mengi. Chupa zikabaki madukani, na leo bado zipo.

Wakati ule mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Nilisikia uamuzi huo kwenye redio hii hii, moyo ukatulia, nikaenda kununua chupa nyingine. Kwa hiyo nina hasira, wasikilizaji, na sitaificha. Aliyesalitiwa siku ile hakuwa mtu mmoja.

Baada ya muda, binti wa Pacha akajifungua. Mdogo wake Mama Panya alimwambia dada yake, usiende. Dada akasema mzazi hana kosa, na mtoto hana kosa. Wakaenda wote wawili, mchana, na kifurushi cha nguo za mtoto. Wakapitia mlango wa jikoni kama walivyozoea. Kando ya sinki kulikuwa na chupa za maziwa zimepangwa kichwa chini, zinakauka. Zilikuwa za kioo. Zote.

Mzazi, masikini, hakujua lolote. "Mama hataki kabisa kuona za plastiki, mama mkubwa," alisema. "Hata nilizoletewa zawadi amezitupa."

Pacha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Mama Panya akampokea mtoto, akaomba chupa, akamnywesha mpaka akasinzia. Akampangusa mdomo, akamrudisha kwa mama yake, akaaga. Chai hakuinywa.

Wakiwa nje, mdogo wake kwa hasira alitaka kurudi ndani akaseme. Dada yake akamshika mkono.

"Kumbe aliniamini siku zote," alisema.

Hakukanyaga tena nyumba ile. Mdogo wake anasema ukumbini dada yake alivumilia, lakini jikoni pale kitu kilimkatika ndani, na hakikuungwa tena mpaka anaingia kaburini.

Jana, wasikilizaji wapendwa, tulipokea salamu za rambirambi kutoka kwa Pacha. Anaomba zisomwe kwenye kipindi hiki. Nilimpigia simu binti wa marehemu kumuuliza. Akaniambia, "Zisome. Lakini anza na habari ya jikoni kwake." Nimeanza nayo. Sasa nasoma salamu zenyewe: "Nimempoteza pacha wangu. Sikuwahi kufanya kazi na mtafiti mkweli kama yeye."

Mkweli. Neno hilo lilitakiwa lisemwe ukumbini, mwenyewe akiwa hai anasikia.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa wanafunzi waliojifunza kwake kuosha chupa kabla ya kujifunza jambo lingine lolote, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nanyi mnaosikiliza, leo mkishika chupa ya mtoto, itazameni. Kisha mjiulize ni nani anayejua kuhusu chupa hiyo jambo ambalo hajatuambia.

Nawe, mama mdogo, najua unasikiliza. Kiti cha mgeni hapa studio kiko wazi, na kipaza sauti nimekiacha kimewashwa. Njoo umalizie.