Papa Abdoul na Magunia ya Mwisho

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupima mpunga wa watu, Papa Abdoul Musafiri anastaafu Jumamosi hii, tarehe 28 mwezi wa sita 2025. Aliingia kwenye koperative yetu ya Kasongo mwaka 1991, kijana wa kubeba magunia. Akawa mpima mizani, kisha mkubwa wa depo, ghala letu. Wakati wa vita, wengine walikimbia na magodoro. Yeye alikimbia na jiwe la mizani la kilo ishirini. Watu waliporudi, depo ilikuwa imeibwa mpaka bawaba za milango, lakini kilo yetu ilikuwa bado kilo.

Mimi Rosine, karani wake kwa miaka kumi na moja, sitaki kuandika habari za mizani. Nataka kuandika habari za simu, maana bila ile simu leo ningekuwa kwetu Kabambare napalilia mihogo.

Mwaka 2022 daraja lilikatika, malori ya Kindu yakaacha kuja, na magunia mia mbili na kumi na mawili ya mchele yakabaki depo yakitutazama. Mama Cécilia, mkubwa wa koperative, alisema wazi: yasipouzwa kabla ya mvua za mwezi wa tisa, depo inafungwa na sisi wafanyakazi sita tunarudi mashambani. Komite ikanunua simu moja ya kutangaza mchele kwenye mitandao. Ikampa Papa Abdoul, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, kwa sababu moja tu: hajawahi kupoteza kitu.

Hakujua hata kuiwasha. Lakini mtu wa kusoma ni mtu wa kusoma. Alitafuta blogu za wataalamu wa kuuza mtandaoni, akapata tatu za Kifaransa, na aliyempenda kuliko wote ni Madame Aicha wa Cotonou. Mtandao huku huja unapotaka, kwa hiyo kila ulipokuja alinakili makala nzima kwa kalamu kwenye daftari, pamoja na tangazo la shampuu lililokuwa katikati. Alisema hana uhakika kama nalo si somo.

Somo la kwanza lilisema: tangaza saa moja jioni, wateja wote wako kwenye simu zao. Akatangaza wiki mbili, kimya. Kumbe saa hiyo simu za nusu ya mji ziko kwenye kibanda cha kuchaji pale sokoni, zimepangwa mezani, na wenyewe wako nyumbani wanakula. Papa Abdoul alikwenda, akazitazama simu moja moja, akarudi akaandika pembeni ya somo: "Kwa Kasongo, saa moja asubuhi, wakati mutu anachukua simu yake." Hapo maswali yakaanza kuja, matatu, manne kwa siku.

Somo la tano ndilo lililotaka kutuua. Madame Aicha aliandika kwamba mteja huharakisha akisikia bidhaa inaisha. Asubuhi moja ya mwezi wa nane, Papa Abdoul akaandika kwa herufi kubwa: MAGUNIA YA MWISHO. MUCHELE UNAKWISHA KASONGO. Labda huko Cotonou wakisema hivyo kuhusu mafuta ya nywele watu wanakimbilia duka. Huku ukisema mchele unakwisha, watu wanasikia njaa. Kufika saa tatu uwanja wa depo ulijaa baiskeli, mabeseni na wamama wenye watoto mgongoni. Watu wa Nyangwe, kule mtoni, walikuwa wameshaingia kwenye mitumbwi. Dady, mfanyabiashara anayelisha wachimba dhahabu wa Salamabila, alikuwa ameshatuma pikipiki saba bila hata kuuliza bei. Ofisi ya teritware, serikali yetu ya wilaya, ikatuma mtu kuja kuuliza njaa imeanzia wapi.

Na nyuma ya Papa Abdoul magunia yalikuwa yamejaa mpaka darini. Angenyamaza, tungeuza yote siku ile ile. Nilimwomba anyamaze, leo nakiri. Alinitazama kama aliyekuta mawe ndani ya gunia, akapanda juu ya mizani, akasema: "Ndugu zangu, nimewadanganya. Muchele iko, tena mingi. Munisamehe." Akafungua milango yote miwili waone wenyewe.

Wachache walimtukana, na walikuwa na haki. Kisha mama mmoja akasema ametembea kilomita nane, harudi na beseni tupu. Wengine wakajipanga nyuma yake. Papa Abdoul aliomba radhi mtandaoni pia, pamoja na picha ya ghala lililojaa, na hiyo radhi ilisambaa kuliko matangazo yake yote. Dady alipiga simu akicheka, akasema anayekubali kosa mbele ya watu hawezi kumpunja kilo. Pikipiki zake zipakie tu. Mpaka leo ananunua kwetu. Mvua ya kwanza ilikuta depo ina magunia manne na panya wenye huzuni.

Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tangu siku ile hakuharakisha mteja tena. Mtu akimuuliza bei, anajibiwa salamu kwanza, anaulizwa habari ya nyumbani, watoto, na yule mgonjwa wa juzi, ndipo bei. Wataalamu wanasema jibu liwe fupi. La kwake unalivuta kwa kidole mara tatu kabla ya kufika kwenye mchele, na wateja wanarudi.

Kila Ijumaa alimwandikia Madame Aicha habari zetu zote. Hakujibiwa hata mara moja. Mwezi uliopita Papa Abdoul akaja na somo jipya la Madame Aicha, akatusomea kwa sauti ya mwalimu: kuna mzee mmoja, wa mji wa mbali, aliyedanganya wateja wake, akakiri, akafungua milango, akaanza kuwasalimu kabla ya kuwauzia, wenye biashara wote wamfuate huyo. Tukaangaliana. Papa Abdoul akafunga daftari, akasema mzee huyo ana akili, ila angefungua milango mapema zaidi. Mpaka leo hatujui kama alikuwa anatutania.

Daftari ameniachia mimi, pamoja na simu na lile tangazo la shampuu. Aksanti, Papa, kwa kazi zetu sita. Kwa miaka thelathini na minne ulituuliza kila asubuhi habari ya nyumbani, nawe mwenyewe hukuwahi kukaa nyumbani ukajua habari ya kwako. Kuanzia Jumatatu ni zamu yetu kukuuliza, na tunaomba Mungu akupe miaka mingi ya kutujibu, kwa urefu ule ule.